Walifaulu kwa Mwanasesere

Aprili 2010, wakunga na manesi wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, waliacha kazi kwa siku moja wakajifunza namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Mafunzo yenyewe yalikuwa mageni duniani kote. Yaliitwa Helping Babies Breathe, au HBB kwa kifupi, yakiwa yametungwa na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani pamoja na washirika wake. Yalifundishwa kwa michoro na kwa mwanasesere wa plastiki anayejazwa maji mpaka awe na uzito wa kichanga mkononi. Mkufunzi akibonyeza kipira kimoja, kitovu kinadunda. Akibonyeza kingine, kifua kinapanda na kushuka. Asipobonyeza, mtoto hapumui, na mkunga aliye mbele yake anatakiwa aonyeshe anachokijua.

Walionyesha. Kabla ya mafunzo, waliofaulu jaribio la kumhudumia mtoto wa kawaida walikuwa asilimia 41, na waliofaulu jaribio gumu, la mtoto anayehitaji kupumuliwa kwa barakoa, walikuwa asilimia 18 tu. Walipopimwa tena miezi saba baada ya ile siku ya darasani, ufaulu ulikuwa asilimia 74 katika majaribio yote mawili. Mwalimu yeyote angetembea kifua mbele. Miezi saba ni mingi, na watu walikuwa hawajasahau.

Hospitali nyingi zingeishia hapo. Ripoti ingeandikwa, picha ya pamoja ingepigwa mbele ya jengo la utawala, na mfadhili angetumiwa jedwali lenye 18 upande huu na 74 upande ule. Haydom ilinusurika na furaha hiyo kwa sababu ndani ya leba palikuwa na mtu wa kuangalia. Watafiti walikuwa wameweka waangalizi wa zamu, usiku na mchana, wenye saa ya kuhesabu sekunde, ambao kazi yao ilikuwa kuandika kila mtoto aliyezaliwa alifanyiwa nini na baada ya muda gani. Daktari Hege Ersdal, mtaalamu wa usingizi kutoka Stavanger nchini Norwe, na wenzake wa Haydom walipozichambua kumbukumbu hizo, walikuta jambo ambalo mwanasesere hakulisema. Idadi ya watoto walionyonywa ute au kupumuliwa kwa barakoa haikubadilika. Watoto waliosisimuliwa, yaani kusuguliwa mgongo ili washtuke na kuvuta hewa, walikuwa wamepungua.

Watu ni walewale, mikono ni ileile, hospitali ni ileile. Mbele ya mwanasesere walikuwa hodari, na mbele ya mtoto wa mtu walifanya kama walivyofanya siku zote, na katika jambo moja walifanya pungufu.

Mambo haya hayasomwi kwa utulivu na mtu anayejua kinachotokea katika dakika ile. Katika kila watoto kumi wanaozaliwa, karibu mmoja huhitaji kusaidiwa kidogo ili aanze kupumua. Wengi wao hawahitaji mashine wala daktari bingwa. Wanahitaji kukaushwa kwa kitambaa, kusuguliwa mgongo na kusafishwa njia ya hewa. Wachache, kati ya watatu na sita katika mia, huhitaji kusukumiwa hewa kwa ambu na barakoa. Mtoto aliyekosa hewa kwa muda mfupi huitika haraka akisuguliwa. Akicheleweshwa, anafika mahali ambapo kusuguliwa hakumsaidii tena, na kitakachomrudisha ni hewa ya kusukumiwa mapafuni. Ndiyo maana mafunzo yale yanaizungumzia dakika ya kwanza kama dakika ya dhahabu. Kumbukumbu za Haydom zenyewe, zilizochapishwa 2012, zilionyesha kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza kumpumulia mtoto anayehitaji iliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16, mpaka kufikia dakika ya sita. Baadaye mama huambiwa kwamba mtoto alizaliwa amechoka, na neno hilo hufunika mengi. Kuna anayezaliwa amechoka kwa sababu ya uchungu uliochukua muda mrefu kupita kiasi. Kuna pia aliyechokeshwa na sekunde zilizopotea wakati mtu anatafuta kitambaa.

Kwa nini basi mtu ajue jambo mezani asilifanye kitandani? Utafiti ule ulipima pengo, haukuingia ndani ya kichwa cha mkunga. Maelezo yanayofuata ni yangu mwenyewe.

Darasani, swali limeshaulizwa kabla mtu hajaingia. Somo la leo ni kupumua, meza ina mwanga, vifaa vimepangwa kwa mstari, mkufunzi anakutazama. Unachopimwa ni hatua: kwanza hiki, kisha kile. Leba saa tisa usiku hakuna anayetangaza somo. Mama wa kitanda cha kwanza anavuja damu, wa kitanda cha tatu anasukuma, mtoto ametoka na rangi yake haieleweki. Atalia mwenyewe au hatalia? Kazi kubwa ya mkunga katika nukta hiyo ni kuamua kwamba huyu hapumui na kwamba kazi inaanza sasa, sio baada ya kumalizana na kondo la nyuma. Uamuzi huo mwanasesere hakuudai, kwa sababu mkufunzi alikuwa ameshauamua kwa niaba ya wote.

Halafu kuna vitu ambavyo hakuna cheti kinachovibadilisha. Katika hospitali zetu nyingi ambu ipo, lakini ipo ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati anao sista msimamizi ambaye zamu yake iliisha saa tisa na nusu alasiri. Barakoa ndogo ya mtoto njiti ilipelekwa kuchemshwa na haijarudi. Meza ya mtoto imegeuzwa mahali pa kuwekea makaratasi. Mtu aliyefunzwa katika ukumbi wenye kila kitu anarudi mahali ambapo hatua ya kwanza ya zoezi lake haiwezekani, na baada ya kujaribu mara mbili tatu anaachana nayo bila hata kujiambia kwamba ameachana nayo.

Na kuna jambo la adabu, ambalo ripoti za mafunzo hazilitaji kabisa. Mkunga kijana ametoka semina, amefundishwa kwamba mtoto hashikwi miguu akaning'inizwa kichwa chini na kupigwa mgongoni, wala hamwagiwi maji ya baridi. Anaingia zamu na mkunga mkuu wa miaka mingi, ambaye amezalisha nusu ya tarafa, pengine na yeye kijana mwenyewe alizaliwa mikononi mwake. Asubuhi amemwamkia shikamoo. Usiku anamwona mama huyo amemshika mtoto miguu. Atasema nini? Mara nyingi hasemi, na mwezi wa pili na yeye anawashika miguu. Ukimfunza mtu mmoja ukamrudisha peke yake katikati ya watu ambao hawakufunzwa, umemwachia kijana yule kazi ya kuwarekebisha wakubwa zake, kazi ambayo hata mganga mfawidhi anaiogopa.

Hapa lazima tuizungumzie semina kama tunavyoijua. Semina ina mji wake, hoteli yake, chai ya saa nne na posho yake. Anayetumwa mara nyingi ni yule ambaye zamu yake ya kutumwa imefika, si yule anayelala leba siku nne kwa wiki. Nimewahi kusikia katibu wa afya akisema, bila aibu na kwa haki kabisa, kwamba akimtuma mtu yuleyule kila mara kwa sababu anafanya kazi ile, wenzake watagoma. Posho imeifanya semina kuwa sehemu ya mshahara, na mshahara hugawanywa kwa usawa. Hakuna ubaya wa mtu kupata chochote. Ubaya ni hesabu inayofanywa mwisho wa mwaka, pale hospitali inapoandika idadi ya watumishi waliofunzwa na kuamini kwamba imeandika ubora wa huduma.

Haydom walibadilisha namna ya kufunza. Kuanzia Februari 2011, mazoezi yalihamia wodini. Kila wiki, dakika tatu hadi tano, watu wa zamu walifanya zoezi na mwanasesere palepale wanapozalishia. Mara moja kwa mwezi kulikuwa na marudio marefu kidogo, ya dakika 40 hivi. Walioyaongoza hawakuwa wakufunzi waliotoka nje. Walikuwa watumishi wa hospitali hiyohiyo waliokubali kulisimamia jambo. Hakukuwa na ukumbi wala picha ya pamoja.

Estomih Mduma wa Haydom na wenzake walilinganisha mwaka mmoja kabla ya utaratibu huo na mwaka mmoja baada yake. Kila upande kulikuwa na uzazi unaokaribia 5,000. Safari hii leba ilibadilika. Watoto waliosisimuliwa walipanda kutoka asilimia 14.5 hadi 16.3, na walionyonywa ute kutoka 13.0 hadi 15.8. Waliopumuliwa kwa barakoa walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Namba hii ya mwisho inaweza kumshtua msomaji: mafunzo ya kupumulia watoto yamepunguza kupumuliwa? Ndivyo, na ndiyo namba inayonipendeza kuliko zote. Mtoto aliyesuguliwa mapema na kusafishwa vizuri huanza mwenyewe, haimfikii barakoa. Vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 kwa kila watoto 1,000 hadi 7.2. Kwa hospitali ya ukubwa ule, hiyo ni tofauti ya watoto kama 19 kwa mwaka. Ni ulinganisho wa kabla na baada katika hospitali moja, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba kila mmoja wao aliokolewa na zoezi la kila wiki. Hata hivyo, mambo yanayotangulia kifo, yaani mikono ilichofanya, yalibadilika kuelekea pale yalipotakiwa kuelekea, na mwaka uliotangulia hayakuwa yamebadilika licha ya ufaulu wa asilimia 74.

Simba na Yanga hazifanyi mazoezi siku moja Aprili zikangoja ligi iishe. Sijui kwa nini tuliamini kwamba leba inaweza.

Mtu wa Nairobi atanikatiza hapa, na ana haki. Katika Hospitali ya Wazazi ya Pumwani, watafiti walifanya jaribio lililochapishwa 2008: watumishi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapata mafunzo ya siku moja ya kuhuisha watoto wachanga na wengine wakangoja. Waliofunzwa walifuata hatua za mwanzo ipasavyo katika asilimia 66 ya matukio, na ambao hawakufunzwa katika asilimia 27. Hayo yalionekana kwa watoto halisi, ndani ya wodi yenye msongamano unaojulikana. Vitendo vya kudhuru navyo vilipungua. Kwa hiyo siku moja si bure, na anayesema semina zote ni ulaji anatia chumvi. Lakini katika utafiti uleule vifo vya watoto waliohuishwa havikutofautiana kati ya makundi mawili. Mikono ilikuwa imebadilika, na kilichobaki kilikuwa nje ya mikono ile: muda mtoto aliokaa tumboni bila hewa ya kutosha, upasuaji uliochelewa, mama aliyefika akiwa ameshachoka.

Kenya walikwenda mbali zaidi na swali hili. Hospitali nane za wilaya zilipewa miongozo ya kutibu watoto wagonjwa. Nne kati yake zilipata mafunzo ya siku tano na zaidi, kisha ziara za usimamizi, taarifa ya jinsi zinavyofanya, na mtumishi wao wenyewe aliyekaa hospitalini kuwasukuma wenzake. Nne nyingine zilipata semina ya siku moja na nusu na miongozo. Matokeo yalichapishwa 2011, baada ya miezi 18 ya ufuatiliaji. Zile za kwanza ziliwapima watoto vizuri zaidi na kuwaandikia dozi sahihi mara nyingi zaidi. Ninachokizingatia mimi ni yule mtumishi aliyekaa. Katika orodha yote hiyo ndiye pekee ambaye hawezi kupakiwa kwenye gari na kurudi makao makuu.

Wapasuaji wana kisa chao kinachofanana. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi nane, ikiwamo ile ya Ifakara, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake ziitumie. Utafiti wa 2014 katika hospitali 101 za huko haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kuhesabika. Wataalamu wamebishana sana juu ya sababu. Mimi naona tofauti kati ya timu iliyofundishwa kusimama na kusemezana kabla ya kisu, na timu iliyoamriwa kujaza fomu.

Turudi kwa watoto, maana kuna jambo lililofichika zaidi kuliko vifo vinavyohesabiwa. Wizara ya Afya ya Tanzania ilipoipeleka HBB katika hospitali nane, tathmini iliyoongozwa na Georgina Msemo na kuchapishwa 2013 ilionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Pamoja na hivyo, watoto walioandikwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao ngozi yao bado ni nzima, walipungua kwa asilimia 24. Mafunzo ya kupumulia hayawezi kumrudisha mtoto aliyefia tumboni. Maana yake ni kwamba baadhi ya walioandikwa wafu katika vitabu vya takwimu za hospitali, MTUHA, walikuwa hai. Mioyo yao ilikuwa ikidunda, ila hawakupumua wala hawakulia, na mtu asiyefundishwa kuushika mshipa wa kitovu kusikiliza mapigo akawafunga kitenge na kuandika. Hakuna uzembe ulioripotiwa, hakuna kikao cha kujadili vifo kilichokaa, kwa sababu kwa mujibu wa kitabu hakuna aliyekufa mikononi mwa mtu yeyote. Upungufu wa mafunzo una tabia hiyo: hujifutia nyayo. Mkunga asiyejua kwamba mtoto angeweza kuokolewa hana la kujilaumu, na mama hajui la kuuliza.

Ndiyo maana siamini takwimu za hospitali inayojisifu kwa watumishi waliofunzwa bila kuwa na mtu anayeangalia kinachofanyika leba. Si lazima awe mtafiti mwenye saa mkononi. Waangalizi wa aina ile hugharimu, na Haydom waliwezeshwa na fedha za utafiti. Sista msimamizi anayekagua kila asubuhi watoto watatu wa usiku uliopita, akauliza nani aliwapokea, walilia lini, walifanyiwa nini kabla ya kulia, tayari anajua zaidi kuliko faili zima la vyeti.

Mbegu ya Haydom imeenea. Mradi wa Safer Births ulichukua mazoezi mafupi ya wodini, ukaongeza vifaa kama kipimo cha mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni kinachoitwa Moyo, ukayafanya mazoezi yafuate takwimu za kila hospitali, na kuyapeleka katika vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yalitoka 2025, yakihusu uzazi wa zaidi ya laki mbili na nusu. Vifo vya watoto, kwa kujumlisha waliozaliwa wafu na waliokufa siku za mwanzo, vilishuka kutoka 15.3 kwa kila uzazi 1,000 hadi 12.5.

Wastani huo, hata hivyo, umebeba mikoa isiyolingana. Mafanikio hayakuwa sawa kila mahali, ingawa mwanasesere ni mmoja na mwongozo ni mmoja. Anayezijua hospitali zetu hatashangaa. Zoezi la dakika tano halihitaji bajeti, ila linahitaji mtu wa kusema "jamani, njooni" wakati wenzake wamechoka, na mtu huyo kwa kawaida ni mmoja kwa wodi. Akipangiwa wodi ya wanaume, akienda masomoni, au barua ya uhamisho ikimpeleka Dodoma kumfuata mwenzi wake, mwanasesere huoshwa vizuri, hukaushwa na kuingizwa kabatini. Ratiba ya zamu inayobandikwa ukutani ina jina la nani analala, nani yuko mapumziko na nani anachukua damu benki. Mstari mmoja wa ziada ungetosha: jina la anayeongoza zoezi wiki hii, na chini yake jina la anayejifunza kuliongoza.